Franco, gitaa yake na "Mario" wetu

Vijana wengi wa Masisi na Walikale wanasema Franco ni muziki ya wazee. Mimi nasema tumusikilize tena, juu anatuhusu sisi wenye diploma.

Mwaka wa 1953, Franco Luambo, kijana wa miaka 15, aliingia Loningisa, nyumba ya kurekodi ya Mgiriki Papadimitriou kule Léopoldville. Mwaka wa 1956 akaanzisha OK Jazz na wenzake. Wimbo ulikuwa wao, lakini mashini na diski vilikuwa vya patroni. Mukulima wa Masisi anajua ile hali: maharagwe ni yake, lakini mwenye gari njo anapanga bei. Franco hakukubali kubakia pale. Kuanzia miaka ya 1960 akafungua nyumba zake: Epanza Makita, kisha Éditions Populaires, baadaye Visa 80.

Matunda ya ile kazi yanasikika. Zamani wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, upande A na upande B wa diski ndogo. Miaka ya 1980, Franco anajipa zaidi ya dakika 10. Sikilizeni "Mario" ya 1985: gitaa inarudilia mustari moja bila kuchoka, Madilu anaimba, Franco anaongea kama muzee mwenye kugombeza mutoto wa jirani. Mario amesoma, lakini anakulia kwa mama mwenye pesa. Tunacheka, kisha tunanyamaza, juu kila mutu anamujua Mario mumoja. Ungekatwa dakika 4, wimbo ungebakia kichekesho tu. Ule urefu njo unatufinya.

Ila nina lawama. Mwaka wa 1974 utawala ulimupa usimamizi wa Mazadis, kiwanda cha kuchapa diski. Mwaka wa 1984 akamuimbia Mobutu "Candidat na biso Mobutu", kwa uchaguzi wenye mugombea mumoja. Gitaa ni tamu kabisa, lakini ule mwenye kugombeza kila mutu, pale anasifu tu. Kweli, utawala huohuo ulimufunga mwaka wa 1978 juu ya nyimbo za matusi. Mwenye kukupa kiwanda anaweza pia kukufunga.

Tena, Franco naye akakuwa patroni. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1989. Miaka ine tu kisha, wanamuziki na familia yake hawakusikilizana tena; wakaenda na Simaro kuunda Bana OK. Orkestra ya miaka zaidi ya 30 ikavunjika, juu kila kitu kilikuwa kinasimama kwa mutu mumoja.

Wenye kurekodi leo kwetu, fungueni studio yenu, ni vizuri. Lakini mbele ya wimbo wa kwanza, andikeni kwa karatasi fungu la kila mumoja, hata la mupiga ngoma. Mwenye kuona vingine, atuandikie hapa.