Uhusika katika Lugha za Kubuni: Uhakiki kwa Kuzingatia Kidatooga na Kiiraqw

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna wabunifu wa lugha wanavyounda uhusika, yaani alama inayoonesha dhima ya nomino katika sentensi. Yanadai kuwa wabunifu huhesabu aina za uhusika lakini hupuuza mazingira unamotokea. Ushahidi unatoka katika lugha mbili zinazozungumzwa wilayani Hanang na Mbulu.

1.0 Utangulizi
Lugha ya kubuni hupimwa kwa kigezo cha uasilia: je, binadamu angeweza kuizungumza? Kigezo hicho hutegemea lugha anazozijua mpimaji. Zamenhof alipochapisha Kiesperanto mwaka 1887, aliacha kiima bila alama na kuipa shamirisho kiambishi -n. Mpango huo huchukuliwa kuwa wa kawaida, kana kwamba kiima kwa tabia yake ndicho umbo la msingi la nomino. Balangdalalu, nyumbani kwa Wadatooga, inatosha kulitia shaka wazo hilo.

2.0 Ushahidi wa Hanang na Mbulu
Katika Kidatooga, lugha ya Kiniloti cha Kusini ambayo kitenzi chake kwa kawaida hutangulia, umbo la kutajia nomino ndilo linalotumika pia kama shamirisho. Kinachobeba alama ni kiima, na alama yenyewe ni toni (Kießling, 2007). König (2008) anaonesha kuwa mfumo huu, ulio adimu kwingineko duniani, umeenea Afrika Mashariki, na kwamba kwa kawaida tofauti za uhusika hutoweka nomino inapotangulia kitenzi. Kwa hiyo, uhusika hapa hautegemei dhima pekee. Unategemea pia nafasi.

Kiiraqw, lugha jirani ya Kikushi, kina vibandiko vya mwelekeo, chanzo, nyenzo na sababu (Mous, 1993). Vibandiko hivyo havifanani na -ni ya Kiswahili, ambayo mara nyingine huitwa uhusika wa mahali. Katika nyumbani kwetu na nyumbani mwetu, nomino yenye -ni inatawala upatanisho wa kisarufi. Hiyo ni kazi ya ngeli, si ya uhusika.

3.0 Uhakiki wa ubunifu
Frommer, katika lugha ya Na'vi aliyoiunda kwa ajili ya filamu ya Avatar (2009), alitenga alama tatu za dhima: mtenda wa kitenzi elekezi, mtendwa, na kiima cha kitenzi si elekezi kisicho na alama. Mfumo huo ni adimu, na ubunifu wake unastahili sifa. Hata hivyo, alama hubaki zilezile popote nomino inapokaa. Ndizo zinazoruhusu mpangilio huru wa maneno. Dothraki ya Peterson ina aina tano za uhusika, na humo pia kiima ndicho umbo la kuanzia. Ugeni umetafutwa katika orodha ya maumbo, ilhali Kidatooga kinaonesha ugeni mkubwa zaidi: alama kuwekwa pasipotarajiwa, kubebwa na toni, na kufutika kwa sharti la kisintaksia.

Inaweza kujibiwa kuwa Kiesperanto kilikusudiwa kuwa rahisi, na kwamba toni ingewatatiza wajifunzaji wengi. Jibu hilo lina uzito kwa Kiesperanto. Kwa lugha zinazodai kuiga uasilia, halina.

4.0 Hitimisho
Suala hili haliwahusu wabunifu pekee. Isimu ya Kiswahili inapoufafanua uhusika kwa mifano ya Kilatini, mwanafunzi wa Hanang huelekezwa mbali kutafuta kilichomo katika usemi wa nyumbani kwao. Zaidi ya hayo, Kidatooga kikiandikwa bila alama za toni, uhusika wake hutoweka katika maandishi, na msomaji huweza kuhitimisha kuwa haupo. Ufafanuzi wa istilahi hii unapaswa kuanzia kwenye data ya Afrika Mashariki. Ndipo kipimo cha uasilia kitakapokuwa cha haki.