Hata Vumbi Lilihamishwa

Mchoraji Francis Bacon alipofariki mwaka 1992, aliacha katika nyumba namba 7, Reece Mews, London, chumba ambacho mama yeyote wa kwetu angekifagia kabla hata ya kuweka mkoba chini. Alikuwa amefanyia kazi humo tangu 1961. Sakafu haikuonekana kwa mikebe ya rangi, brashi zilizokauka, kurasa zilizochanwa vitabuni na turubai alizozikatakata kwa kisu kwa kutoridhika nazo. Rangi alizijaribia ukutani na mlangoni.

Mwaka 1998 mrithi wake, John Edwards, alikitoa chumba hicho kwa jumba la sanaa la Hugh Lane mjini Dublin, mji aliozaliwa Bacon mwaka 1909. Wanaakiolojia waliitwa, wakachora ramani ya lundo lile kama wanavyofanya wanapofukua mji wa kale. Kila kitu kiliandikiwa kilikuwa wapi, juu ya nini na chini ya nini. Vitu zaidi ya 7,000 viliingia katika orodha. Kuta, mlango, sakafu na dari viling'olewa vikavushwa bahari. Hata vumbi lilikusanywa na kurudishwa mahali pake. Mwaka 2001 chumba hicho kilifunguliwa ili wageni wakitazame kupitia kioo.

Niliposimulia habari ya vumbi darasani, wenzangu walicheka. Mimi naona hapo ndipo walipofanya vizuri zaidi. Bacon alichora kwa vumbi! Katika picha yake Figure in a Landscape ya mwaka 1945 alitumia vumbi la sakafuni kupata kijivu cha suti. Kulifagia kungekuwa sawa na kutupa brashi zake.

Ila lawama ninayo. Sijafika Dublin, nimetazama picha tu, lakini jambo moja halihitaji safari: kilichohamishwa ni studio, si nyumba. Ngazi zile za mteremko mkali zenye kamba ya kushikia, jiko lililokuwa na beseni la kuogea ndani yake, na chumba cha kulala ambacho hakikuwa na fujo kama ile, havikwenda pamoja nayo. Mgeni anaona fujo pekee, na ni rahisi aondoke akidhani mtu huyu alikuwa kichaa. Angeona na kitanda, angejua kwamba fujo ilikuwa na mlango wake, na mwenyewe alijua wakati wa kuufunga.

Tazama nyumba ya Frida Kahlo huko Coyoacán, Meksiko, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1958. Alifia humo. Mgeni anaona kiti cha magurudumu mbele ya turubai, anaona kitanda chenye kioo juu yake, na bila kuhubiriwa anaelewa kwa nini mwanamke huyo alijichora mwenyewe mara nyingi hivyo. Kitanda chenyewe kilikuwa studio. Ukikitenganisha na nyumba, kinabaki kitanda tu.

Pengine ninaandika haya kwa sababu ya babu yangu. Alikuwa mchongaji huko Busia, upande wetu wa Uganda. Alichonga vigoda na sanamu za ndege katika chumba kimoja alimolala pia. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikifagia chumba siku ya tatu, kwa heshima, kwa kuwa wageni walikuwa wanakuja. Maranda tuliyachoma. Patasi ziligawiwa wajomba, na mmoja wao aliitumia ya kwake kufungulia mikebe ya rangi. Palikuwa na gogo ambalo tayari lilikuwa na shingo na bawa moja. Mimi ndiye niliyelibeba hadi jikoni, nikaambiwa nilipasue, nikalipasua. Chai ya matanga ilichemka kwa kuni hizo.