Umbo Lina Sababu: Kupima Picha za Maumbo Likasi

Picha inayosifiwa upesi kuliko zote ni ya kitu kinachofanana na kingine: mzizi wenye sura ya nyoka, kiazi chenye miguu miwili, kutu ya ukutani iliyojichora ramani ya Afrika. Mtu anacheka, anamtumia mwenzake, yamekwisha. Mwonyeshe tena kesho uone kama atacheka. Sizikatazi picha hizo, na simu yangu inazo nyingi, ila hazipandi kwenye mizani ninayotaka kuieleza hapa.

Picha ya umbo ninayoihesabu kuwa bora ni ile inayomwezesha mtazamaji kuona umbo lilivyotokea: maji yalipita wapi, moto uliunguza upande gani, mkono wa mtu ulipanga nini juu ya nini. Likasi ni mji mzuri wa kujifunzia kupima hivyo. Upo Katanga nchini Kongo, kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi, Wabelgiji waliuita Jadotville, na umezungukwa na vitu ambavyo sababu za maumbo yao zinaonekana kwa macho matupu: mawe ya shaba, vichuguu vikubwa kama nyumba, matanuri ya matofali, magunia ya makala, yaani makaa, yaliyosukwa vichwa kwa majani.

Tuanze na malakiti, kwa sababu ndiyo inayowadanganya wengi. Jiwe hili la kijani hutokea pale maji yenye shaba yanapopenya katika nyufa na matundu ya mwamba, yakaacha utando mwembamba juu ya utando mwingine kwa muda mrefu mno. Mafundi wa mawe wa Katanga hulikata na kulisugua mpaka pete za kijani nzito na kijani nyepesi zijitokeze, wakatengeneza visanduku, mikufu na mayai ya mapambo. Mpiga picha anafika, anawasha flashi, anapiga jiwe zima katikati ya meza. Anapata doa jeupe linalong'aa, pete zimefutika nusu, na kijani kilichoongezwa nguvu na simu mpaka kinafanana na rangi ya plastiki.

Ukipewa picha ya malakiti uihukumu, chagua pete moja uifuate kwa kidole. Je, unaweza kutoka nayo ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine bila kuipoteza kwenye mng'ao au kwenye ukungu wa fokasi mbaya? Kama unaweza, mpigaji alijua mwanga wake: alikaa kivulini au alisubiri wingu, akageuza jiwe kidogo kidogo mpaka mng'ao ukahamia mahali pengine. Halafu tafuta mshono. Katika jiwe zuri kuna mahali ambapo vinundu viwili, kila kimoja kikikua kivyake, vilikutana na kusukumana. Pete za huku zinagota kwenye pete za kule, na katikati unabaki mstari mkali wenye ncha. Mshono huo ndio habari yote ya jiwe. Anayeujumuisha katika fremu ameelewa anachokipiga, na anayeukata ili abaki na miduara safi ametengeneza karatasi ya ukutani.

Miduara nayo ina mtego wake. Lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukiisogeza karibu sana na kitu, sehemu iliyo mbele hufura na ya nyuma hunywea. Kinundu cha mviringo kinakuwa yai. Dawa yake ni rahisi: rudi nyuma hatua moja, vuta mara mbili, ndipo upige. Mtu aliyezoea huligundua kosa hili papo hapo, hasa kwenye vitu ambavyo jicho linajua umbo lao, kama sufuria, gurudumu la baiskeli au mdomo wa ndoo.

Kuhusu jua, wapigaji wengi wa hapa hufuata ushauri wa vitabu vya Ulaya, kana kwamba jua ni lile lile. Likasi ipo karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Hiyo ina maana kwamba siku za karibu na Oktoba 21, na tena karibu na Februari 20, jua la saa sita mchana hukaa juu ya utosi kabisa. Mti ulionyooka unakanyaga kivuli chake wenyewe. Kichuguu chenye mikunjo na mifereji kinakuwa bonge tupu la udongo mwekundu. Mwezi Juni mambo ni tofauti: jua la mchana limelala kaskazini, na kitu kilichosimama hutupa kivuli kuelekea kusini chenye urefu wa theluthi mbili hivi za kimo chake. Kwa hiyo mtu anayekataza kabisa kupiga picha mchana amesema kweli kwa Oktoba na amekosea kwa Juni. Ukiona picha ya umbo isiyo na kivuli kabisa, uliza ilipigwa mwezi gani kabla ya kumlaumu mpigaji, kisha mlaumu kwa kutosubiri.

Kiangazi kina faida nyingine. Vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hulainisha jua la jioni, na kufikia Septemba majani machanga ya miombo hutoka yakiwa mekundu na ya rangi ya shaba, kabla mvua haijanyesha. Ni majira ambayo kila mtu anapiga picha nzuri bila jasho. Mimi huzikagua picha za Septemba kwa ukali zaidi, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa vichuguu. Vile vikubwa vya Katanga ya juu ni kazi ya mchwa wanaoitwa kitaalamu Macrotermes falciger, na vingine hufikia mita nane na kuzidi. Vingi vimeota miti kileleni, na watu hulima pembezoni mwake kwa kuwa udongo wake una rutuba kuliko wa jirani. Shida ya kichuguu katika picha ni kimo. Kikipigwa peke yake mbele ya anga kinaweza kuwa cha mita nane au cha sentimita nane. Wapigaji wengi huitatua kwa kumsimamisha binamu yao mbele, mikono ubavuni, kama anayesubiri pasipoti. Inatoa kipimo, na inaua picha. Afadhali jembe lililoegeshwa na mwenye shamba, au matuta ya viazi yanayozunguka chini yake, vitu vilivyo pale kwa sababu ya kichuguu chenyewe. Kuna wanaopenda kumwacha mtazamaji asijue ukubwa ili ashangae. Mshangao huo naupa nusu dakika.

Mvua zikianza, vichuguu hivyo hutoa uyoga, bowa kwa wengi wa hapa, na kando ya barabara akina mama hupanga kofia zake kwenye mabeseni. Aina moja, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika karibu mita moja, na ni miongoni mwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Picha inayopigwa na kila mpita njia ni ya mtoto aliyejifunika kofia hiyo kama mwavuli. Inapendeza, lakini haisemi lolote juu ya umbo. Geuza uyoga. Upande wa chini kuna vipande vingi vyembamba kama kurasa, vinavyotoka shinani hadi ukingoni, na vikimulikwa na mwanga unaolala, kila kimoja kina kivuli chake. Kigumu zaidi, na cha thamani zaidi, ni mzizi. Uyoga huu huoteshwa na mchwa: hutokea kwenye bustani ya ukungu waliyoilima ndani ya kichuguu, na shina lake hushuka ardhini kama mkia mrefu mpaka huko. Wauzaji wengi huukata. Picha iliyoupata mkia mzima naipandisha daraja, hata kama mwanga wake ni wa wastani.

Hapo lazima uombe. Sema "Mama, naomba nipige foto ya bowa yako," uwe tayari kwa jibu la haki: "Unanunua ao unapiga tu?" Nunua. Uyoga ulionunua utaugeuza unavyotaka, utaupeleka kivulini, hakuna wa kukuharakisha, na jioni unaliwa.

Waliotangulia duniani katika kazi hii walifanya hivyo hivyo: walichukua kitu cha kawaida wakakaa nacho. Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyefundisha kufinyanga maumbo kwa kufuata mimea, alijitengenezea kamera za kukuza machipukizi na mbegu, na kitabu chake cha mwaka 1928, Urformen der Kunst, kilionyesha shina la kawaida likiwa na adabu ya nguzo ya chuma. Edward Weston wa Marekani, mwaka 1930, alipiga pilipili hoho mara nyingi mpaka alipoiweka moja ndani ya faneli ya bati. Kuta za bati zilirudisha mwanga pande zote na hoho ikapata mwili. Watu husema hoho ile inafanana na mtu aliyekunja mgongo, na kwa mizani yangu Weston angepungukiwa hapo. Hapungukiwi, kwa sababu kila mkunjo unaonyesha jinsi tunda lilivyobanana likikua. Ufanano ni wa kwako wewe unayetazama.

Kuna umbo moja la Likasi linalopigwa kupita kiasi, nalo ni kutu. Mabomba, mikanda, kuta za bati zilizotoboka, mabaki ya kampuni iliyoanza mwaka 1906 kama Union Minière, ikataifishwa mwaka 1967 na baadaye kujulikana kama Gécamines. Rangi ya kutu ni nzuri na mistari yake imenyooka, basi mtu anapiga bomba kama anavyopiga ua. Lakini bomba hilo lilipinda pale kwa sababu kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na watu. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alilijibu jambo hili kwa mfululizo wake wa Mémoire wa mwaka 2006: alibandika wafanyakazi na mabwana wa picha za kale, wakiwa katika rangi nyeusi na nyeupe, juu ya picha zake za rangi za magofu ya viwanda. Ukishaiona kazi hiyo, picha ya kutu tupu inaanza kukudai. Sidai kila mtu afanye kama Baloji. Nadai tu kuwepo alama ya matumizi: mpini uliolainishwa na viganja, ngazi iliyolika katikati, namba iliyoandikwa kwa chaki. Na kiwanda kinachofanya kazi, daraja au kambi ya askari, usipige bila ruhusa. Utapoteza simu, na hakuna picha ya bomba inayostahili hasara hiyo.

Onyo moja kwa wapenda mawe. Shinkolobwe ipo kilomita 20 hivi kutoka mjini, na madini yake ya manjano na ya chungwa, sindano kwa sindano, yana maumbo ambayo mpiga picha yeyote angeyatamani. Ni urani, ile iliyotoka huko na kutumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Jiwe la namna hiyo usiliweke mezani kwako, usilipulizie vumbi, usimpe mtoto alishike kwenye mwanga. Anayetaka rangi adimu atafute likasaiti, jiwe la buluu lililoelezwa na wataalamu mwaka 1955 na kupewa jina la Likasi. Ni dogo na halipatikani kirahisi.

Ukishamaliza kupima mwanga na sababu, pima kingo. Picha za maumbo huharibikia pembeni kuliko katikati: tawi linaloingia nusu, kidole cha kandambili, pembe ya gunia iliyokatwa kidogo tu bila nia. Kata wazi au usikate. Igeuze picha juu chini na uitazame hivyo. Jicho likiwa halijui tena kitu ni nini, uzito wa upande mmoja utaonekana mara moja. Iondoe rangi pia, hata kama utairudisha. Malakiti isiyo na kijani ikibaki na pete zake, ni picha. Ikigeuka uji wa kijivu, ulikuwa unapenda rangi.

Magunia ya makala nitayapitia haraka, kwa sababu kosa ni moja: hupigwa kutoka juu. Shuka usawa wa mdomo wa gunia, ndipo utaona jinsi kamba inavyovutwa huku na huku kuyashika majani, na jinsi muuzaji alivyopandisha kichwa kirefu.

Nikilazimishwa kuchagua umbo moja la kumpimia mpiga picha wa Likasi, nitaacha malakiti. Jiwe lile linamfanyia nusu ya kazi. Nitampa tanuri la matofali. Udongo wake mara nyingi umechimbwa kwenye kichuguu kilicho jirani, nacho kimebaki kimekatwa ubavu, mashimo na njia za mchwa zikiwa wazi. Matofali yamepangwa kwa mkono, moja moja, na chini yameachwa matundu ya kuwashia moto. Likifunguliwa, yale yaliyokaa karibu na moto ni meusi, mengine yameyeyuka yakashikana. Ya katikati ni mekundu sawasawa. Ya nje yamebaki mepesi, hayakuiva. Rangi zinaonyesha njia ya moto kutoka tundu hadi kileleni. Atakayenionyesha kichuguu kilichokatwa, mpango wa mikono na njia ya moto katika fremu moja, bila maelezo chini yake, huyo ni fundi. Picha ya namna hiyo ni adimu, na matanuri yapo kila upande wa mji.