Kuzijua Mbio Njema: Mizani ya Wakimbiaji wa Ayalandi

Kabla mbio hazijakimbiwa, huwa zimekwisha kuendeshewa baiskeli. Asubuhi na mapema, magari yakiwa bado machache, mpimaji hupita na baiskeli yake sentimita 30 tu kutoka ukingo wa barabara, akizikata kona kwa njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji mjanja angeweza kuipata. Kwenye gurudumu la mbele amefunga kidude kidogo chenye namba, kaunta ya Jones, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Gurudumu likizunguka mara moja, namba zinaruka zaidi ya ishirini. Kabla ya kazi na baada ya kazi, mpimaji huipitisha baiskeli hiyo mara nne kwenye kipande cha barabara kilichonyooka na kupimwa kwa utepe wa chuma, kwa sababu tairi likipata joto hutanuka na hesabu hubadilika. Mwisho wa yote huongeza mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikapungua hata kwa bahati mbaya. Marathoni iliyopimwa hivyo hubeba akiba ya mita 42 hivi.

Hapo ndipo mjuzi wa mbio za Ayalandi anapoanzia hukumu yake. Mwaka ukielekea ukingoni, usiku umekuwa mrefu na mvua haina adabu, wakimbiaji wa klabu hukaa na kubishana: mbio zipi zilikuwa bora mwaka huu? Mgeni atataja mandhari, au ukubwa wa medali. Mwenyeji atauliza kwanza kama njia ilipimwa, na nani aliipima.

Swali hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Mtu aliyefanya mazoezi miezi minne gizani, akitafuta kushuka chini ya dakika 40 kwenye kilomita 10, akipewa njia iliyopungua mita 150 amepewa zawadi bandia. Atafurahi siku moja, kisha kila atakapoitaja saa yake wenzake watatazamana. Na saa ya mkononi haifai kuwa hakimu. Mkimbiaji huyumba huku na huku akiwapita watu, huzunguka kona kwa nje, setilaiti nazo hupotea kati ya majengo marefu. Ndiyo maana karibu kila marathoni ina mtu pale mwishoni anayeapa kwamba amekimbia kilomita 42.7 na kwamba waandaaji wamemwibia. Mjuzi humwacha aseme, kisha humwonyesha pa kupata chai.

Lakini kuna siku mlalamikaji huwa na haki. Mei 2019 marathoni ya Belfast ilikimbiwa kwa njia mpya, na kwa mara ya kwanza Jumapili badala ya Jumatatu. Gari la kuongoza likapotoka njiani, wakimbiaji wakalifuata, na umbali ukaongezeka kwa takriban mita 460. Joel Kositany wa Kenya alishinda kwa mara ya nne, na Caitriona Jennings akashinda upande wa wanawake, wote wawili kwa saa zisizoweza kulinganishwa na za mtu yeyote. Waandaaji walikiri kosa na kuomba radhi siku hiyohiyo. Kukiri huko nako kunahesabiwa. Mbio zinazoficha kosa huporomoka haraka kuliko zinazolisema.

Baada ya umbali, kilima. Hapa ladha za watu hutofautiana, ila wajuzi wanakubaliana jambo moja: cha kuulizwa ni kilima kimewekwa wapi. Urefu wake huja baadaye. Marathoni ya Dublin huanza katikati ya jiji, ikapita bustani kubwa ya Phoenix, Castleknock na Chapelizod, kisha ikazunguka vitongoji vya kusini. Ukiitazama kwenye ramani utasema ni njia ya huruma. Halafu, baada ya maili 21, inakuja barabara ya Roebuck. Asubuhi ya kawaida mtu akienda dukani hahangaiki nayo. Mkimbiaji anayefika pale na kilomita 35 miguuni huiona kama ukuta, na wakazi wa mtaa, ambao wanalijua hilo vizuri, hutoka na sufuria, kengele na vipande vya machungwa kumngoja hapohapo. Kilichobaki ni mteremko wa kurudi mjini na barabara pana hadi Merrion Square. Kilima kimoja, mahali pake hasa, na watu juu yake: hiyo ni njia iliyotungwa vizuri.

(Maili, ndiyo. Vibao vya mwendo kasi barabarani vilihamia kilomita mwaka 2005, lakini mkimbiaji wa Ayalandi bado anakata safari yake kwa maili, na hakuna serikali iliyomweza.)

Connemara, magharibi, ni ushairi wa namna nyingine. Mbio za huko zilianza mwaka 2002 na hufanyika majira ya kuchipua, kati ya maziwa na milima ambako kondoo ni wengi kuliko watazamaji. Siku moja kuna nusu marathoni, marathoni nzima, na safari ya maili 39.3, yaani marathoni na nusu yake juu. Zote tatu humalizia njia moja, kwa hiyo aliyeamka alfajiri kukimbia umbali mrefu na aliyeanza baadaye umbali mfupi hukutana kwenye mpando uleule baada ya kijiji cha Maam. Wameuita Jehanamu ya Magharibi. Ni kama maili mbili za kupanda taratibu, bila kona ya kumficha mtu mwisho wake uko wapi. Upepo wa Atlantiki ukiwa usoni, mwendo hugeuka matembezi. Upepo huo, kwa kweli, ndio mtihani ambao waandaaji hawawezi kuupima kwa utepe wowote: njia ya mzunguko hukupa upepo nusu ukakudai nusu, ila njia ya kutoka mahali kwenda mahali ni kamari. Kwa sababu hiyo, sheria za kimataifa hazikubali rekodi pale ambapo mwanzo na mwisho vimeachana kwa zaidi ya nusu ya umbali wa mbio, au pale njia inaposhuka zaidi ya mita moja kwa kila kilomita.

Anayetafuta saa nzuri haendi Connemara. Anakwenda Armagh, Februari, usiku. Wanaume hukimbia kilomita 5, na wanawake wana mbio zao, wakizunguka bustani ya The Mall chini ya taa za mtaani. Zamani farasi ndio walioshindanishwa hapo. Mizunguko ni mifupi, watazamaji husogea mpaka ukingoni, na wakimbiaji hupita kama treni ya abiria isiyo na nafasi. Sifa ya Armagh haiko kwa mshindi. Iko kwa wa mia moja. Imewahi kutokea wanaume zaidi ya 100 wakamaliza chini ya dakika 15 katika mbio moja, kiasi kwamba mtu anaweza kukimbia kuliko alivyowahi kukimbia maishani na bado akalitafuta jina lake ukurasa wa pili wa matokeo. Wajuzi huita hilo kina, na kina ni kipimo bora cha ushindani kuliko saa ya yule aliyefika kwanza.

Suala la aliyefika kwanza linawagusa moja kwa moja wasomaji wa Afrika Mashariki. Geoffrey Ndungu wa Kenya alishinda Dublin mwaka 2011 na 2012, na Moses Kemei, Mkenya mwingine, mwaka 2024. Rekodi ya njia, saa 2:06:52, iliwekwa mwaka 2023 na Kemal Husen wa Ethiopia. Je, wageni hao huzifanya mbio kuwa bora? Jibu lilijaribiwa mwaka 2013, pale waandaaji walipoacha kualika kikosi cha wageni. Sean Hehir akashinda kwa saa 2:18:19, Mwairishi wa kwanza kuibeba tangu John Treacy mwaka 1993, na upande wa wanawake Maria McCambridge akashinda. Dakika ziliongezeka, kelele za Merrion Square pia. Kuna wanaosema zile ndizo zilikuwa mbio za kweli. Hoja hiyo ina utamu wake, lakini inasahau kwamba Treacy mwenyewe, aliyepata medali ya fedha ya Olimpiki Los Angeles mwaka 1984 kwa saa 2:09:56, hakupata jina kwa kukwepa wageni. Mwaka 1979 alitetea ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Limerick, kwenye tope, akikabiliana na yeyote aliyekuja.

Tena deni liko pande zote mbili. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mzaliwa wa Ayalandi, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, bila ujuzi wowote wa ukocha. Mwanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyelelewa kimichezo na Bruda huyohuyo, alikimbia mita 800 kwa 1:40.91 London mwaka 2012. Mkenya anayeshuka uwanja wa ndege wa Dublin na begi la viatu amefuata njia ambayo Mwairishi mmoja aliipita kinyume.

Historia nayo ina mvuto, ingawa peke yake haitoshi. Kila Januari kuna watu wanaoondoka Dublin Castle usiku wa manane kuelekea bonde la Glenmalure milimani Wicklow, wakifuata nyayo za Art O'Neill na Hugh Roe O'Donnell, wafungwa waliotoroka ngome hiyo Januari 1592. O'Neill alikufa kwa baridi milimani. Hadithi kubwa, hata hivyo mjuzi atauliza kama supu ya njiani ilikuwa moto.

Kwa maana mbio pia ni ukarimu, na Waairishi hawana mzaha na jambo hilo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Ballycotton, kijiji cha wavuvi mashariki mwa kaunti ya Cork. Mbio zake za maili 10 zilianza mwaka 1978 na wakimbiaji 34. Baadaye zikawa mbio za maelfu, na nafasi zikawa za kugombewa, ingawa kijiji kilibaki na barabara ileile moja inayopanda kuelekea mstari wa mwisho. Hakukuwa na siri ya kibiashara. Kulikuwa na saa ya kuanza iliyoheshimiwa, matokeo yaliyotoka haraka, na wakazi waliozihesabu mbio kuwa shughuli yao, kama harusi ya mtaa. Marathoni ya Dublin ina damu hiyohiyo: mwaka 1980, Noel Carroll, mkimbiaji wa zamani wa mita 800, alipoianzisha pamoja na chama cha riadha cha wafanyakazi wa makampuni na redio ya taifa, walijiandikisha watu 2,100 na kumaliza 1,420, Dick Hooper akiwa mbele kwa saa 2:16:14. Leo inaitwa marathoni ya urafiki. Kwa mashindano ya watu zaidi ya elfu 20, jina hilo ni gumu kulilinda kuliko rekodi.

Namna ya kulikagua ni rahisi. Usisimame kwenye utepe. Ngoja saa tano au sita zipite, kisha uangalie. Je, maji bado yapo kwenye vituo? Medali hazijaisha? Yule mama anayekuja akichechemea, amevaa picha ya marehemu mumewe kifuani, anatangazwa jina lake au wafanyakazi wanakunja vizuizi mbele ya macho yake? Mbio za wanawake za Dublin, kilomita 10 za kila Juni tangu 1983, hujaza jiji kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hutembea. Kuzihukumu kwa saa ya mshindi ni sawa na kuhukumu pilau kwa sahani.

Medali, tisheti, mifuko ya zawadi: vipite. Kabati za Ayalandi zimejaa.

Na ikilazimu kutoa tuzo moja tu? Makala haya yangezikwepa barabara kabisa. Jumatano jioni za kiangazi, chama cha mbio za milimani cha Ayalandi huandaa mbio fupi za ligi kwenye vilima vya Wicklow, kwa ada ya euro chache. Hakuna muziki wala lango la kupulizwa hewa. Kuna meza ya kukunja kwenye maegesho ya msituni, daftari, namba za kutumiwa tena na tena, na vipande vya utepe vilivyofungwa kwenye matawi kuonyesha njia. Anayetaka kuhesabiwa kwenye zawadi za ligi anatarajiwa siku mojawapo kuacha viatu na kushika kazi: kuelekeza njia juu kileleni kwenye ukungu, kuandika saa, au kukimbia mwisho kabisa.

Huyo wa mwisho ndiye wa kutazamwa. Washindi wakiwa wamekwisha kuvaa sweta na baadhi wameingia baa ya jirani kungoja matokeo yasomwe, yeye bado yuko juu, akimsindikiza aliyechoka kuliko wote, akifungua utepe mmoja baada ya mwingine na kuuchomeka kiunoni. Giza likianza kuingia hutokea pale chini ya misonobari, suruali imejaa tope hadi magotini, kiuno kizima kikipepea utepe.