Volti Tano Zisizo na Njia ya Kurudi

Tangu Dieter Doepfer alipoleta sinthesaiza ya moduli ya A-100 mwaka 1995, Eurorack, muundo uliotokana nayo, imesifiwa kwa mengi inayoyastahili: kimo cha 3U, jeki za milimita 3.5, bei inayovumilika. Lakini soketi yake ya umeme ilipangwa vibaya, na sizungumzii tu ule utepe wa nyaya unaokubali kuchomekwa kinyume, kero isiyokwisha. Zihesabuni tena pini 16: mbili za volti −12, sita za graundi, mbili za +12, mbili za +5, nne za CV (volti ya udhibiti) na geti. Volti tano zimepewa mlango wa kuingilia, wa kutokea hazina. Zinarudi kwa graundi ileile ambayo osileta huitegemea kujua sifuri iko wapi. Mtengenezaji wa sinthesaiza Don Buchla, katika mfululizo wake wa 200 wa mwaka 1970, alikuwa ameshatenga graundi tulivu na graundi ya kelele.

Ufuateni mkondo wenyewe. Opampu hula kati ya +12 na −12, kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo wake haigusi graundi. Ndiyo maana rafu ya analogi tupu hutulia hata kwa nyaya za kawaida. Maikrokontrola hula upande mmoja tu, na kila miliampia yake hurudi kwa graundi. Moduli ya miliampia 100, ikipita ukinzani wa miliomu 50 kwenye utepe na soketi, huisogeza sifuri yake kwa milivolti 5. Kwa kipimo cha volti 1 kwa oktava, hizo ni senti 6. Lingekuwa kosa tulivu, mngelitiuni likaisha. Halitulii: skrini na taa za LED huvuta umeme kwa mapigo, na mluzi wake huingia hadi kwenye filta. Waya wa pachi nao huupa mkondo huo kichochoro cha pili hadi kwa jirani.

Utetezi wa kawaida ni kwamba moduli nzuri haziigusi +5 ya ubao wa umeme, zina regyuleta zake. Regyuleta ya kawaida ikitoa miliampia 100 huvuta 100 zilezile kutoka +12, na zote hurudi palepale. Ile ya kukatakata hupunguza mkondo, kisha huongeza kelele yake. Wengine huipasua shaba ya graundi katikati ya bodi, tiba ambayo mhandisi Henry Ott aliipinga miaka mingi, kwani ishara ikivuka ufa, mkondo wake wa kurudi hulazimika kuzunguka. Na vipande vyote viwili huishia kwenye pini zilezile sita. Pini za CV na geti, ambazo moduli chache huzitumia, zingetosha kuwa njia ya kurudi ya pekee, mbali na graundi tulivu. Anayesema DAC (kigeuzi cha dijitali kwenda analogi) ingeziunganisha tena graundi hizo mbili ndani ya moduli ana hoja, ila jibu lake ni opampu moja na rezista nne mlangoni pa kutokea, zikiipima ishara dhidi ya graundi tulivu.