Kuichagua na Kuitunza Printa Pana ya Picha za Sanaa

Printa pana ya wino ni mashine inayorusha matone madogo mno ya wino juu ya karatasi yenye upana wa inchi 17, 24, 44 au zaidi, na kwa kuwa wauzaji huisifu kwa kasi yake na kwa wingi wa katriji zake, mnunuzi huweza kusahau kwamba picha ya sanaa haipimwi kwa kasi. Mpiga picha anayekusudia kazi yake itundikwe ukutani kwa miongo kadhaa anapaswa kuipima mashine kwanza kabisa kwa weusi na kijivu chake, kisha kwa uwezo wake wa kurudia mwakani picha ileile iliyoichapa leo.

Historia ya uchapaji huu inaonyesha kwa nini kijivu kina uzito huo. IRIS 3047, printa iliyoufungulia njia, haikuundwa kwa ajili ya sanaa bali kwa ajili ya matbaa zilizotaka sampuli ya rangi kabla ya kuwasha mitambo mikubwa, na ni mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walioigeuza kuwa chombo cha wapiga picha katika karakana ya Nash Editions, iliyofunguliwa Manhattan Beach, California, mwaka 1991. Wino wake ulikuwa wa rangi inayoyeyuka kabisa katika kimiminika, nao ulipauka upesi ulipokaa kwenye mwanga. Epson ilipotoa Stylus Photo 2000P mwaka 2000, ilitumia wino wa chembe, yaani wino ambao rangi yake ni punje zisizoyeyuka zinazobaki juu ya karatasi maji yakishakauka. Uimara uliongezeka sana, lakini kijivu kilichoonekana safi chini ya taa ya nyumbani kiligeuka kijanikijani mbele ya dirisha. Kasoro hiyo, ambayo wachapaji huiita metamerizimu, ilipungua mno kuanzia mwaka 2005 kwa wino wa UltraChrome K3, uliokuwa na weusi wa ngazi tatu, hata kijivu kikaweza kujengwa kwa weusi wenyewe badala ya kuchanganywa kwa samawati, majenta na njano.

Kwa hiyo jaribio la haki ni picha isiyo na rangi. Mnunuzi apeleke dukani faili yake mwenyewe ya nyeusi na nyeupe, yenye kivuli kizito chenye maelezo ndani yake na anga inayofifia taratibu, aombe ichapwe kwenye karatasi anayokusudia kuitumia, kisha aitazame chini ya taa na baadaye nje, kivulini. Kijivu kikibadilika rangi kati ya sehemu hizo mbili, mashine au mipangilio yake haifai. Anga ikionyesha michirizi ya kupitana, kichwa cha kuchapia, yaani sehemu yenye matundu yanayorusha wino, kimeziba au hakijanyooshwa. Picha ya karatasi inayong'aa iinamishwe mbele ya mwanga, kwa maana wino hafifu huacha mng'ao wa shaba mahali penye weusi, dosari isiyoonekana picha ikitazamwa moja kwa moja lakini inayowaudhi watazamaji wote wa maonyesho.

Aina ya kichwa ndiyo inayoamua gharama za baadaye. Canon hutumia joto kuusukuma wino, na kichwa chake huchakaa lakini mwenye mashine anaweza kukibadilisha mwenyewe. Epson hutumia fuwele zinazojipinda zikipitishiwa umeme, na kichwa cha namna hiyo hudumu muda mrefu zaidi ila kubadilishwa kwake ni kazi ya fundi aliyefunzwa na bei yake ni kubwa. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Kampala aulize, kabla ya bei, ni nani atakayeleta kipuri hicho na kwa muda gani. Aulize pia kama wino mweusi wa karatasi zinazong'aa na ule wa karatasi zisizong'aa una njia mbili tofauti, kwani katika mashine za zamani zenye njia moja, kila badiliko humwaga wino mwingi bure.

Uimara wa picha si sifa ya mashine pekee. Vipimo vya Henry Wilhelm, mtafiti wa Iowa nchini Marekani, hupima wino pamoja na karatasi yake, na ndiyo maana katriji za bei nafuu zisizo za mtengenezaji huondoa ahadi yote ya miaka. Karatasi ya pamba kama Photo Rag ya Hahnemühle, kinu cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1584, inastahili sifa yake. Ile yenye weupe mkali ishukiwe. Taa ya dukani ya kukagulia noti bandia inatosha kuichunguza: karatasi iking'aa kibluu, ina kemikali za kuongeza weupe, ambazo nguvu zake hupungua kadiri miaka inavyopita na kuiacha picha ikiwa na umanjano.

Matunzo, kwa upande wake, hayahitaji ustadi mkubwa bali mazoea. Mashine ichape walau ukurasa mmoja wa rangi zote kila juma, na ukaguzi wa matundu ufanywe kabla ya kazi yoyote kubwa. Usafishaji wa kichwa usirudiwe zaidi ya mara mbili au tatu mfululizo, kwa sababu hunywa wino na kujaza tangi la wino taka, na mara nyingi kuiacha mashine usiku kucha huleta matokeo bora. Izimwe kwa kitufe chake, kamwe isichomolewe ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake kisikauke. Na pale umeme unapokatika ovyo, betri ya akiba si anasa. Chumba kiwe na unyevu wa asilimia 40 hadi 60, kiwango ambacho mwambao wa Mombasa na Zanzibar hukipita kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo karatasi ikavimba, ikajikunja na kukwaruza kichwa; karatasi ibaki katika mfuko wake hadi siku ya kazi, na ile ya pamba ipanguswe vumbi kwa brashi laini kabla ya kuingizwa.

Gharama na kazi yote hiyo hulipa pale tu mashine inapofanya kazi mfululizo. Mpiga picha anayechapa picha chache kwa mwaka asiinunue. Apeleke faili zake kwa karakana inayochapa kila siku, naye atapata picha bora kwa fedha kidogo zaidi.