Mstari Unaotoweka: Makala ya Siklini Ikisomwa Kisangani

Kichwa cha makala ya Tom Evans, Eric Rosenthal, Jim Youngblom, Dan Distel na Tim Hunt, iliyotoka katika jarida la Cell mwaka 1983, ni kirefu, lakini hakina neno la kutupa. Kinaanza na jina jipya: siklini. Kinaeleza kuwa hii ni protini, na kwamba maagizo ya kuitengeneza yaliwekwa na mama ndani ya yai la nungu-bahari, yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba mwili mzima. Halafu, mwishoni kabisa, kinatua kwenye kitenzi: protini hiyo huharibiwa kila seli inapogawanyika. Habari yenyewe ni huo uharibifu. Waandishi wameuweka mwisho, msomaji akiwa ameshatulia na wazo kwamba protini ni kitu cha kutengenezwa na kulimbikizwa. Makala nzima imejengwa kwa mpango huo huo, ndiyo maana naona inastahili kuhakikiwa kama maandishi, si kuhesabiwa tu miongoni mwa uvumbuzi.

Naisoma Kisangani, mji ulio mbali na bahari kila upande. Biolojia tuliyoizoea hapa ni ya msitu na mto: samaki wa maporomoko ya Boyoma, wanyama wadogo wa porini, miti ya Yangambi. Msafara wa Boyekoli Ebale Congo wa mwaka 2010 ulikuwa wa namna hiyo, watafiti wakishuka na mto huku wakikusanya na kutambua viumbe. Kazi hiyo ni ya thamani kubwa, na ina umbo lake la kuandikwa: orodha, ramani, majina ya spishi. Umbo la makala ya siklini ni tofauti kabisa. Inachokiandika ni muda.

Tuitazame picha ya kwanza, maana ndiyo moyo wa makala. Kiangazi cha 1982, katika maabara ya viumbe vya bahari ya Woods Hole, Marekani, mayai ya nungu-bahari aina ya Arbacia yalirutubishwa yote kwa pamoja ndani ya maji ya bahari. Mayai hayo yana sifa ambayo seli nyingi hazina: yakishapata mbegu ya kiume kwa wakati mmoja, maelfu yake hugawanyika karibu kwa pamoja, mara ya kwanza baada ya muda wa saa moja hivi, kisha tena na tena. Ukichota tone, umechota dakika fulani ya maisha ya seli. Majini iliongezwa methionini, tofali mojawapo la kujengea protini, yenye salfa nururishi, ili kila protini mpya ibebe alama. Kila baada ya dakika 10 sampuli ilitolewa, protini zake zikatenganishwa kwenye jeli kwa ukubwa wake, na filamu ya eksirei ikalazwa juu.

Kilichochapishwa ni safu zilizosimama bega kwa bega, kila safu na dakika zake, kila protini mstari mweusi wa kulala. Msomaji husoma kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyosoma sentensi. Kwa kuwa alama iliachwa majini tangu mwanzo bila kuondolewa, kila mstari ulitarajiwa kukolea tu: protini mpya inajumlishwa kwenye ya zamani, safu hadi safu. Na mistari karibu yote inafanya hivyo. Mmoja, ule wa siklini, unakolea kuliko wote, kisha ghafla unafifia wakati mayai yanakaribia kugawanyika, halafu unarudi na kukolea upya, na unafifia tena.

Hapa ndipo ufundi wa picha hii ulipo. Mtu mwenye shaka angesema labda safu ile ilitiwa sampuli kidogo. Jibu liko palepale, ndani ya safu hiyo hiyo: majirani wa mstari ule wameendelea kukolea bila kutetereka. Ushahidi na kipimo cha kuuthibitisha vimechapwa kwenye filamu moja, na jicho linavipata pamoja. Kwa maoni yangu hakuna aya yoyote ya makala inayoifikia picha hiyo kwa nguvu. Grafu inayofuata, ambayo inaweka kiwango cha siklini sambamba na asilimia ya mayai yanayogawanyika, ni ya lazima, lakini inapima kile ambacho msomaji ameshakiona.

Sehemu ya makala inayohusu Spisula, aina ya kombe wa baharini, ni fupi, na imewekwa mahali pake. Rosenthal, Hunt na Joan Ruderman walishaziona protini zinazofanana na siklini katika mayai ya kombe huyo, katika makala yao ya 1980. Sasa zinaonyeshwa kuwa nazo hupanda na kuporomoka. Mnyama mmoja angeweza kuwa na tabia yake ya peke yake. Wawili wasio na undugu wa karibu wanamlazimisha msomaji afikirie kanuni.

Kisha inakuja sentensi ninayoipenda kuliko zote, katika sehemu ya mjadala. Waandishi wanasema ni vigumu kuamini kwamba mwenendo wa siklini hauhusiani na kugawanyika kwa seli, na papo hapo wanakiri kwamba bado hawana ushahidi wa moja kwa moja. Sentensi hiyo imesimama juu ya ukanushi: hawasemi „unahusiana“, wanasema kutoamini ni vigumu. Wapo watakaoiona woga. Mimi naiona kuwa imepimwa sawasawa na filamu, kwa kuwa filamu ilionyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja na haikuonyesha lipi linalosukuma jingine.

Ushahidi uliokosekana ulikuja kwa mikono mingine. Mwaka 1986 Swenson, Farrell na Ruderman walionyesha kwamba siklini ya kombe inatosha kuyaamsha mayai machanga ya chura yaingie kwenye mgawanyiko. Mwaka 1989 Andrew Murray na Marc Kirschner walionyesha, kwa kimiminika kilichokamuliwa kutoka mayai ya chura, kwamba siklini ya nungu-bahari peke yake inaweza kuuendesha mzunguko wa seli. Na siklini iliyokatwa sehemu yake ya mwanzo, isiyoharibika, iliufanya mzunguko ukwame katikati. Uharibifu uliokuwa mwishoni mwa kichwa cha 1983 ulikuwa ndio mlango wa kutokea kwenye mgawanyiko.

Tim Hunt alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse, alisimulia upya katika mhadhara wake: swali lake la awali lilihusu utengenezaji wa protini, wala hakuwa anatafuta kinachoongoza mgawanyiko. Masimulizi ni matamu, lakini yanajua mwisho wake. Makala imeandikwa na watu wasiojua, na ndiyo inayomfaa zaidi mwanafunzi anayeandika TFC, kazi yake ya kumalizia masomo.

Kwani umbo hili halidai bahari. Mayai ya ngolo, kambale anayefugwa kwenye mabwawa yetu, hurutubishwa kwa mkono ndani ya beseni na huanza safari yao pamoja. Darubini ya kawaida inatosha kuhesabu, kila baada ya dakika 10, ni mangapi yamegawanyika. Katika kazi nyingi za wanafunzi, hesabu kama hizo huishia kwenye wastani mmoja na kiasi cha mkengeuko, na hapo dakika zote humezwa. Kwenye ukurasa wa matokeo ningezipanga safu zote, ya kwanza hadi ya mwisho, hata zile zinazoonekana kuharibu mwelekeo, na wastani ningeuweka chini yake.